Waridi za Pimbi

Juu ya mlima mkavu, ambako mvua ilikuwa mgeni wa mara moja kwa mwaka, Pimbi mpenda sifa alipakana na Kobe mvivu.

Siku moja nyuki walitangaza kuwa wanatafuta makao. Desturi yao ni kumtuma mshenga akague maua kwanza. Atakayemridhisha hutundikiwa mzinga, naye hula asali kila msimu.

Pimbi akang'oa mishubiri yote uani mwake, mimea ya miiba isiyojali ukame. "Magugu haya yataniaibisha," alisema, akayatupa kwa Kobe. Akapanda waridi za bondeni, na kila siku akateremka mtoni kuzichotea maji, mpaka akakonda akabaki meno.

"Jirani, umenitupia taka," Kobe alilalamika.

"Ziondoe basi!"

"Kesho," alisema Kobe, akalala miezi mitatu.

Mshenga alipofika, Pimbi alikuwa amejipaka mafuta hadi kwenye kucha. Nyuki huyo aliingia ndani ya waridi, akapekua na kupekua, akatoka anahema.

"Mapazia ni mengi," alisema, "lakini jikoni hamna kitu."

Mara akanusa upepo, akaruka uzio. Kwa Kobe, mishubiri ilikuwa imeota palepale ilipotupwa, ina maua mekundu yanayochuruzika utamu.

"Nani mkulima hapa?"

Kobe alifumbua jicho moja. "Muulize jirani. Mimi taka hizi nilikuwa niziondoe kesho."

Mzinga ukatundikwa kwa Kobe. Msimu ulipofika, Pimbi alichungulia uani.

"Jirani, naomba unirudishie taka zangu."

"Kesho," alijibu Kobe, mdomo umejaa asali.