Jina la Mong'ina Halipo

Persis aling'oa orodha mlangoni kwa chifu, misumari ikaruka, akaingia nayo barazani. Mchungaji alikuwa bado anaomba sala ya kufungua mkutano. Persis hakungoja amina.

"Nani amefuta jina la mama yangu?"

Ilikuwa orodha ya wazee wa Birongo watakaopewa pesa za serikali, shilingi elfu mbili kila mwezi. Majina kumi na tisa. La Mong'ina, mjane wa miaka sabini na minne, halikuwamo. La kumi na moja, limeandikwa waziwazi bila hata haya, lilikuwa la Haron, mzee wa mtaa, yuleyule aliyewatembeza maafisa nyumba kwa nyumba.

Haya, kama huo si wizi, niambie ni nini. Haron na Mong'ina ni majirani, ua tu umewatenga. Kwa nje nyumba zao ni pacha, udongo na mabati ya zamani, lakini ingia kwa Haron uone makochi. Nenda nyuma ya nyumba uone ng'ombe wawili wa gredi, wa maziwa mengi. Kwa Mong'ina kuna vigoda viwili na presha. Dawa za presha anazikata nusu nusu ili zifike mwisho wa mwezi. Mwezi wa nne hazikufika. Alianguka katikati ya migomba asubuhi, akaokotwa jioni. Binti yake Persis huchuma chai ya watu kule Sironga, na akimnunulia mama dawa, watoto wake wanalala njaa. Hizo elfu mbili ndizo zingekuwa dawa. Daktari alikwishamwambia Persis kwamba mama yake akianguka tena huenda asiamke.

Kwa hiyo Persis alikuwa na hasira, na nani angemlaumu?

Tangu utotoni alimwita Haron baba, kama inavyompasa mtu kumwita jirani wa rika la wazazi wake. Siku hiyo alimwita Haron tu, kavu, mbele ya watu. Alimwambia amekula cha mjane. Alimuuliza alimhonga nani, na kwa kiasi gani. Alisema yote ambayo kijiji kilikuwa kikinong'ona wiki nzima, na walewale waliokuwa wakinong'ona sasa walikuwa wanatazama viatu vyao. Wanafiki wakubwa.

Haron alikaa kwenye benchi, kofia magotini.

Mong'ina alitoka nyuma akijikokota, akamshika binti yake mkono. Alimwambia waende nyumbani, yeye hataki pesa za mtu. Persis akauchomoa mkono wake. Mama yake alikuwa hivyo siku zote, mpole mpaka anakanyagwa. Akamwambia akae, leo kuna mtu wa kumsemea.

Afisa wa msaada, dada mmoja aliyetumwa kutoka mjini, alisema hakuna jina lililofutwa. Kila mzee alitembelewa, vilivyo nyumbani kwake vikaandikwa, kisha kompyuta ikachagua walio maskini zaidi. Akafungua tableti yake, akasoma ya Mong'ina. Makochi ya watu saba. Kabati la vyombo. Ng'ombe wawili wa gredi. Wageni walipewa chai ya maziwa na mkate.

Persis alicheka, kicheko kibaya.

"Hiyo ni nyumba ya Haron," alisema. "Aliwaingiza kwake, akawaambia ndiyo kwa mama. Mmesikia, watu wa Birongo?"

Walisikia. Mtu mmoja alisema Haron avuliwe uzee wa mtaa leo hii hii. Mwingine akasema uzee wa mtaa si kitu, apelekwe polisi. Vijana wawili wakasimama na kuziba mlango. Hata chifu, aliyekuwa akimtetea Haron asubuhi, alianza kumtazama kwa jicho jingine, akamwambia ajitetee.

Haron alimtazama Mong'ina mara moja, akainama.

"Sina la kusema, chifu," alisema.

Persis akawaambia wote wamesikia, mwizi amekosa hata uongo.

Lakini afisa alitikisa kichwa. Alisema hakudanganywa na mtu yeyote kuhusu nyumba, picha anazo. Akaigeuza tableti watu waone. Ulikuwa ukuta wa Mong'ina, na kalenda yake ya kanisa, na ile picha ya marehemu mumewe, Mokua. Chini yake yalijaa makochi mekundu yenye vitambaa vya kufuma. Na juu ya kochi kubwa, ameketi wima katika nguo yake ya Sabato, kikombe mkononi, alikuwa Mong'ina mwenyewe.

Persis alimgeukia mama yake. Mong'ina alikuwa amejifunika uso kwa leso.

"Nilimwomba mimi," alisema. "Wageni wa serikali waje kwa mke wa Mokua, wakalie nini? Wanywe chai ya rangi? Nikamwapisha asimwambie mtu."

Vijana wa mlangoni wakaketi. Persis alikuwa ameikunja orodha ile mpaka imekuwa donge.

Afisa aliitazama tableti kwa muda. Kisha akasema polepole kwamba siku hiyo, walipotoka hapo, walivuka ua tu wakaingia nyumba ya pili. Akasukuma picha kwa kidole.

Ilikuwa sebule ya Haron, tupu kutoka ukuta hadi ukuta, na katikati yake Haron na mkewe wameketi sakafuni, wamenyoosha miguu.