Nani Katia Chumvi?

Asubuhi ile mjane aliionja sukari mara mbili, akalifungia bakuli kabatini, akauchomeka ufunguo kifuani.

"Mama, unamficha nani?" binti yake aliuliza.

"Nakuficha wewe, mtundu. Hebu nione mikono."

Mikono ilikuwa safi. Macho ndiyo yalikuwa yakicheka, macho yaleyale ya baba yake.

Baba huyo, askari, aliuawa ng'ambo akilinda amani ya watu wengine. Enzi zake alikuwa na mchezo mmoja: kutia chumvi kwenye bakuli la sukari. Baba yake mzazi, mwalimu mkuu asiyejua kucheka, alimcharaza tangu utotoni asimponye. Sasa, kwa miaka miwili mfululizo, siku ya kumkumbuka marehemu, chumvi ilikutwa tena bakulini, na vidole vyote vikamwelekea binti. Mwaka jana mzee aligonga fimbo sakafuni. "Ikitokea tena hatukutani! Kila mtu amlilie kwake!"

Hilo ndilo lililomkosesha mjane usingizi. Binti alizaliwa baba akiwa huko ng'ambo, wala hawakuonana. Bila siku hii, nani angemsimulia?

Wageni walifika: shangazi mtu, na koplo aliyetumikia na marehemu. Mzee aliingia wa mwisho, koti limefungwa vifungo vyote, joto lote lile.

"Mimi chai yangu kavu," alisema.

Siku nyingine zote humkaidi daktari aliyemkataza sukari na kujichotea vijiko vitatu. Siku hii tu ndiyo humtii. Ni majonzi ya mzazi, walisema.

Mjane aliweka bakuli katikati ya meza kwa mkono wake, akampakata binti na kumshika viganja vyote viwili.

"Picha ya mwanangu imekaa upande," mzee alinung'unika.

Wote wakageukia ukutani. Koplo akainuka kuinyoosha.

"Bado. Aa, umepitiliza. Rudisha kidogo. Haya, hapo hapo."

Chai ikamiminwa, kila mtu akajitilia sukari. Shangazi akapiga funda, akalitema kwenye kisahani.

"Yarabi! Wifi, tena?"

Koplo aliimeza yake kiaskari, machozi yakamlenga. "Salaam, afande," aliiambia picha, kicheko kikamponyoka. Basi visa vikafunguka. Koplo akasimulia uji wa chumvi aliolishwa kamanda kambini. Shangazi akaleta cha harusini. Binti alicheka hadi akashikwa na kwikwi. "Baba alifanya hivyo? Simulia tena, mjomba!"

Fimbo ikagonga sakafu.

"Nani?"

"Si huyu, Baba," mjane alisema. "Nilimshika mwenyewe. Tafadhali, usitutawanye."

Mzee alimtazama mjukuu wake, kwikwi bado zikimrusha mapajani. Akakohoa.

"Uchunguzi haujakamilika. Mwakani mje tena, wote, bila kukosa. Huyo mhalifu nitamkamata tu."

Mjane alishusha pumzi. Alimsaidia mkwewe kuvua koti lililolowa jasho, akalitundika msumarini chini ya picha. Mfukoni zikachuruzika chembe nyeupe hadi sakafuni. Akagusa kwa kidole, akaonja, kisha akazifunika kwa unyayo kabla koplo hajageuka.