Wa Kumlilia Wabwire

Alama kubwa za X, nyekundu, zilipopakwa kwenye kuta za mtaa wa Kaloleni, Eastlands, kila mtu alijua maana yake: nyumba zinabomolewa. Watu walihamisha makochi na magodoro kwa jamaa zao, na mzee mmoja akaanza kung'oa mabati yake mwenyewe kabla tingatinga halijafika. Wiki iliyofuata mabango yakabandikwa juu ya zile X. Kumbe lilikuwa tangazo la filamu.

"WABWIRE," mabango yalisema. "Kisa cha kweli. Machozi ya kweli."

Kampuni ya kuonyesha filamu mtandaoni iliyoyabandika ilijipigia makofi. Mtaa mzima unatuzungumzia, walisema. Mtaa haukuwa unazungumza, ulikuwa unahama, lakini mtu wa matangazo haoni tofauti.

Wabwire mwenyewe Kaloleni ilimjua. Alikuwa fundi wa redio, aliyezama mtaroni wakati wa mafuriko akiokoa watoto wa wenyewe. Kampuni ilikiokota kisa chake gazetini, kisha ikakitia chumvi mpaka kikaharibika. Kwenye bango Wabwire alikuwa na bastola kiunoni, mkufu wa dhahabu shingoni na wasichana wawili wamemning'inia mabegani. Uso ulikuwa wa mwigizaji fulani mwenye mashavu laini, asiyejua hata tope la Kaloleni lina rangi gani.

Sasa ilitakiwa kanda fupi ya kutangazia filamu: mama yake Wabwire akipokea habari ya kifo. Mureithi, kijana wa matangazo anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, alitua kwenye ukumbi wa mtaa na kamera zake. Hakutaka mwigizaji. Alitaka mama halisi wa Eastlands, akatangaza kwamba yeyote anayejua kulia aje ajaribiwe.

Akina mama walifika kundi moja wakajaza benchi za nje. Foleni za Kaloleni huwa na viwiko, hata ziwe za maji tu. Hii haikuwa na viwiko. Hakuna aliyegombania nafasi, wote walimsogeza mbele mama mmoja mwembamba mwenye leso ya buluu. Mureithi akakata shauri kwamba huyo ni mwenyekiti wa chama chao.

"Jina, mathe?"

"Annah."

"Poa, Annah. Unajua kulia?"

"Naomba hiyo nafasi nipewe mimi," Annah alisema. "Tafadhali. Asipewe mtu mwingine. Hata msiponilipa."

Mureithi alimkonyeza Jacky, msichana wa kupaka waigizaji poda. Walishawazoea watu wa namna hii. Ukiwaonyesha kamera tu, kila mmoja anataka kuwa staa.

"Na hiyo bunduki muitoe," Annah aliongeza. "Wabwire hakuwa na bunduki. Alikuwa na bisibisi."

"Mathe, nani atalipa aone bisibisi? Haya, simama hapo. Kuna mtu amebisha mlango. Anakwambia boy wako amededi. Enda!"

Annah alivua malapa. Aliutazama mlango kwa muda. Kisha akaketi sakafuni polepole, akanyoosha miguu, akawa anakunja pembe ya leso yake na kuikunjua, anaikunja na kuikunjua. Sauti haikutoka. Jacky, aliyekuwa karibu, aliacha kutafuna chingamu.

"Kata!" Mureithi alivua miwani. "Mathe, hii ni nini sasa? Kelele iko wapi? Mama wa huku hujitupa chini, hurarua nguo! Mtu akiona hii kwa simu yake anapita tu."

"Kwanza sauti huwa haitoki," Annah alisema.

"Usinifunze kazi. Nimefanya matangazo ya misiba mingi sana. Mama aliyefiwa najua anakaa aje."

"Basi nijaribu tena."

Alijaribu tena. Aliketi vilevile, akashika leso vilevile. Mureithi hata hakumngoja amalize.

"Pole, mathe, hutoshi. Huna uchungu."

Annah alibaki sakafuni kidogo, akisubiri pengine Mureithi abadili nia. Hakubadili. Alimtupia fulana ya bure, ile yenye Wabwire na bastola kifuani. Annah aliigeuza ndani nje, akaikunja vizuri, akaitia kwapani na kutoka.

"Anayefuata!" Mureithi aliita.

Hakuingia mtu. Aliita tena, kisha akaenda mlangoni mwenyewe. Benchi zote zilikuwa tupu.

"Unaona hawa watu?" alimwambia Jacky. "Unawaletea kazi mpaka mlangoni, wanaenda zao. Halafu kesho wanalia hakuna kazi."

Ikabidi Jacky mwenyewe afungwe leso kichwani. Alijipaka dawa ya mafua chini ya macho ili machozi yatoke, na kamera ilipowashwa akajitupa chini, akagaagaa, akapiga nduru mpaka kunguru wakaruka paani. Mureithi alikuwa karibu kucheza kwa furaha.

"Hayo sasa! Hayo ndiyo machozi ya kweli!"

Patrobas, mzee anayetunza ukumbi, aliingia na funguo zake kutaka kufunga. Alimtazama Jacky aliyekuwa akijifuta vumbi, kisha akaitazama kamera.

"Mzee," Mureithi alimwita, "wale akina mama wako wamepotelea wapi? Si walikuja wenyewe kujaribiwa?"

"Hao hawakuja kujaribiwa," Patrobas alisema. "Walikuwa wamemsindikiza Mama Wabwire. Sasa wamemrudisha nyumbani."