Kuku wa Miguu Mitatu

Fundi wa televisheni aliiua televisheni ya nyumbani kwake kwa mikono yake mwenyewe. Aliifungua nyuma kwa bisibisi, akachomoa fyuzi, akaitia mfukoni, kisha akamwambia mama kwamba mashine imekufa na spea yake haipatikani.

Mama akacheka. "Yaani za mtaa mzima zinapona kwako, hii yangu ndiyo unaiandalia mazishi?"

Mama alikuwa haoni. Macho yalimwisha wakati wa vita. Lakini kila wiki, kipindi cha kufukua mabaki ya vita kikianza, alivuta kiti mpaka karibu na spika, akasikiliza kimya, mkono shavuni. Fundi alidhani anakipenda kwa ajili yake, kwa kuwa naye alipigana vita hivyohivyo.

Siku aliporudi kutoka huko, mama alimpapasa uso, akamshika masikio, akapitisha vidole kisogoni, akarudia tena kisogoni. Kisha akasema, "Ingia, chakula kipo." Tangu hapo wameishi pamoja. Mtaa ule wa zamani vita viliufagia wote, wakahamia huku ambako hakuna aliyewajua, na majirani humsifu fundi kwamba kijana anayemkata mama yake kucha hivi hapatikani siku hizi.

Sasa tangazo la kipindi cha jioni hiyo lilikuwa limemwonyesha kitu ambacho hakutaka kukiona tena maishani. Mtangazaji, ambaye watu wanamwita Fuko kwa jinsi anavyopenda kuingia mashimoni, alikuwa ameinua kijiko cha bati kilichojaa udongo. Kwenye mpini amechorwa kuku wa miguu mitatu. Mama ndiye aliyemchora kwa msumari, enzi anaona, na mguu wa tatu ulikuwa wa mkono kuteleza tu. Kijiko hicho kilikwenda vitani. Vijana wawili walikuwa wakikilia chakula kwa zamu huku wakimcheka yule kuku. Akarudi mmoja, bila kijiko.

Mama akimsikia kuku yule akitajwa, atajua. Fundi akafunga mlango, akatoka mbio.

Sebule ya Fuko ilikuwa makabati ya vioo kila upande. Kofia za chuma zilipangwa kama sufuria dukani, viatu vilivyoliwa na udongo, vifungo vya mikanda, na kila kimoja kimebandikwa kikaratasi cha bei. Mwenyewe ni mcheshi, mkarimu, akamkaribisha chai. Fundi akamweleza shida yake: akiondoe kijiko kwenye kipindi, au angalau asimtaje kuku. Fuko akatikisa kichwa. Kipindi kilishafika kituoni, hakuna wa kukizuia.

"Kwa hiyo mama hajui kama mwenye kijiko amekufa?" Fuko akauliza.

"Hajui."

"Pole sana, ndugu yangu. Kumpoteza kaka si mchezo."

Fundi akaitazama chai yake. Akauliza mifupa iko wapi.

"Tuliirudishia udongo palepale. Mifupa ina mambo mengi, bwana. Mara polisi, mara vibali, kazi inasimama. Na watazamaji wanaikimbia. Kijiko kinapendeza."

Basi fundi akaomba apewe hicho kijiko. Fuko akafikiri, uso ukamchangamka. Amlete mama. Kamera zikiwa zinapiga, atamkabidhi yeye mwenyewe mkononi, akipapase, amtambue kuku wake, na nchi nzima italia. Alisema hayo kwa moyo mweupe kabisa, na hapo ndipo fundi alipoishiwa nguvu. Hata wa kumkasirikia hakumwona. Akashukuru kwa chai, akaaga.

Njiani alijipa moyo. Televisheni haiwaki, fyuzi anayo. Kila baada ya hatua chache aliigusa mfukoni kuhakikisha. Leo itapita, na wiki ijayo Fuko atakuwa na kofia nyingine ya kuchekelea.

Alipokaribia nyumbani alimsikia Fuko. Sauti ilikuwa inatoka dirishani kwake, imejaa kicheko, inawaeleza watazamaji habari za msanii wa ajabu aliyempa kuku miguu mitatu.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, na rafu nzima ilijaa televisheni za wateja, amezitengeneza mwenyewe, zote nzima, zinangoja wenyewe waje kuzichukua. Akili yake yote ilikuwa kwenye ile moja aliyoiharibu. Mama alikuwa amepapasa rafu, moja baada ya nyingine, mpaka akaipata iliyochomekwa kwenye umeme.

Alimkuta mama amekaa kwenye stuli yake ya kazi, mkono shavuni. Hakuwa analia. Fundi akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono. Alitaka kusema maneno aliyoyaandaa miaka yote hii, akaangua kilio yeye.

Mama akanyoosha mkono, akamzima Fuko katikati ya kicheko. Akamfuta fundi machozi kwa kiganja, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Kisha vidole vyake vikapanda mpaka kisogoni, vikatulia hapo.

"Mwanangu alikuwa na kovu hapa," alisema, "na sikuzaa mwingine. Na mama yako wewe, baba, bado anasubiri?"