Mikono Minne, Mguu Mmoja

"Sisaini," refa alisema, akaisukuma ile karatasi mpaka ng'ambo ya meza.

Mwenyekiti wa kamati akashusha pumzi. Ofisi ya ukumbi ilikuwa finyu, nusu imejaa mipira ya kikapu iliyoishiwa upepo, na wote watatu, yeye, katibu na refa, walikuwa wanavuja jasho.

"Dada, mbona rahisi. Unakubali ulikosea, unapumzika mwezi, yanaisha. Ukikataa, filimbi unaiacha hapa hapa. Miaka kumi na tisa uitupe kwa kichwa kigumu?"

"Nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Zimebaki sekunde nne, Wekundu wako mbele kwa pointi moja. Mpira uko pembeni kabisa. Namba Saba wa Bluu kaudaka, yule mrefu wa Wekundu naye kaung'ang'ania. Mikono minne, hakuna anayeachia. Mguu wa Saba umekuja kugusa mstari baadaye. Mikono ikitangulia, mpira haujatoka. Unafuata mshale wa mezani, ule unaoonyesha ni zamu ya nani kupewa mpira, na mshale ulikuwa wa Bluu."

"Bluu wakafunga, wakabeba kombe," katibu akasema. "Barua ya malalamiko inasema mguu ndio ulitangulia. Mpira ulikuwa wa Wekundu."

"Barua ina macho? Saba hakanyagi mstari ovyo. Nazijua hatua zake."

"Ndiyo shida yenyewe," katibu akasema, akatazama dari.

Refa akamgeukia. "Hii mechi niliikataa. Nyie ndio mlinibembeleza, eti hakuna refa mwingine. Leo mnanisulubu kwa barua ya mtu aliyeshindwa?"

Mwenyekiti akajikuna shingo. Katibu naye akawa bize na kalamu.

"Mwiteni huyo aliyeandika," refa akasema. "Anikazie macho, aseme mguu ulitangulia. Akiweza, nasaini, filimbi nawaachia, na viatu nawaongezea."

Katibu akainuka, akafungua mlango, akaashiria kwa kidole.

Akaingia Namba Saba. Akavua medali shingoni, akailaza juu ya karatasi.

"Nilikanyaga kwanza, mama. Yule mrefu alikuwa hata hajaugusa mpira." Hakukwepesha macho. "Na leo usihangaike kunifungia mlango. Nitalala kwa shangazi."