Simu Kwenye Pipa la Unga

Tangu simu za batani zipigwe marufuku, kila ujumbe hufika na hali ya mwandishi chini yake, maana kioo cha simu husoma mapigo ya kidole. Batani hazisomi mtu, kwa hiyo mtandao huziandikia tu: Ametulia.

Salha hakutaka mama yake, kule Pangani, aujue ukweli wa vipimo. Akafukua simu ya batani kwenye pipa la unga, akabonyeza: "Shikamoo mama. Daktari kasema sina kitu."

Jibu likarudi upesi. "Marahaba mwanangu. Hata mimi mzima, usihangaike kuja."

Chini yake: Ametulia.

Salha akaketi sakafuni. Mama yake, ambaye hata salamu zake za Idi huja na "Ana wasiwasi", hajatulia hata siku moja tangu amzae.