Jicho Lisilopotea

Mwanga wa leza ulimchoma Mwanaheri jichoni kama cheche ya moto. Akang'ata meno, hakusogea.

Kwao Chang'ombe waliamini wamelogwa. Bibi alipofuka, mama akapofuka, na sasa kaka yake alikuwa akipapasa kuta.

"Hamjalogwa," daktari alikuwa amemwambia. "Ni presha ya macho. Mmezaliwa na macho membamba kwa ndani, maji hayapati pa kutokea. Hata Wainuit, watu wa kule kwenye barafu, wengi wameumbwa hivyo. Nikitoboa tundu dogo kwa leza, maji yatapita."

Saa moja baada ya leza, daktari akampima tena, akatabasamu. "Presha imeshuka. Jicho hili limesalimika, dada."

Mwanaheri alitoka nje akicheka huku machozi yakimtoka. Kaka yake, aliyemsindikiza tu na kuapa kwamba yeye hatibiwi, aliinuka kwenye benchi.

"Vipi, wamekuumiza?"

"Kaka, presha tumeishinda." Akamshika mkono, akamwingiza ndani, akamketisha mbele ya mashine. "Uoni uliokubakia hautapotea tena."

Kaka alisita. Kisha akavua kofia yake ya viua, ile ya vitundu vilivyodariziwa, akaipakata, akaegemeza kidevu kwenye mashine.